Siku moja maishani mwangu: nahesabu saa mpakani Ventimiglia

Saa 12:15 asubuhi. Niko kituo cha treni cha Ventimiglia, mji wa mwisho wa Italia ukielekea Ufaransa kwa njia ya pwani. Nakunywa kahawa nimesimama kaunta kama wenyeji. Tangu nimalize uzamivu natafiti jinsi watu wanavyoishi na mipaka ya Ulaya, na ninachopima hasa ni muda. Mama yangu kule Tanga akiniuliza kazi gani hiyo, namwambia nahesabu saa za watu. Haridhiki.

Saa 12:40. Treni ya Nice imejaa. Wengi ni Waitaliano waendao kazini Monaco: wapishi, mafundi ujenzi, wasafishaji wa hoteli. Wanasinzia hata kabla haijang'oa nanga. Tukifika Menton-Garavan, kituo cha kwanza upande wa Ufaransa, polisi wanapanda. Wanapita behewa kwa behewa, wanagonga mlango wa choo. Bwana anayekoroma mbele yangu hawamgusi. Mimi naulizwa karatasi. Natoa kibali cha ukaazi na pasipoti, ambavyo siku hizi vinakaa mfuko wa nje wa mkoba. Askari anakigeuza kibali, anapitisha ukucha pembeni, ananitazama, anarudisha. "Merci, madame." Adabu tupu. Naandika daftarini: dakika 2 kwangu, 0 kwa mkoromaji. Vijana wawili waliokaa karibu na mlango wameteremshwa. Hesabu yao ndiyo kwanza inaanza.

Ukaguzi huu Ufaransa iliurudisha Novemba 2015. Kisheria ni wa muda tu, maana ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi mipakani baina yao, watu hupita bila kukaguliwa. Lakini kila miezi 6 ikiisha, inaongezwa mingine.

Saa 3. Nimerudi Italia na hakuna aliyeniuliza kitu. Leo Ijumaa, siku ya soko. Wastaafu wa Kifaransa wanashuka na vikapu vyao vya magurudumu kufuata jibini, mikoba na pombe ya bei nafuu. Mpaka wao ni suala la kuwahi treni ya kurudi.

Saa 4:30. Mahojiano, kwenye benchi karibu na mto Roia. Kambi ya wahamiaji ya Msalaba Mwekundu ilifungwa 2020, na tangu hapo wengi wasio na pa kulala wanajihifadhi chini ya barabara ya juu. Ninayemhoji ni kijana wa Bukavu, Kongo. Hataki kurekodiwa, basi kinasa sauti nakiacha mkobani. Ridhaa anatoa kwa mdomo. Kamati ya maadili ilikubali hivyo, baada ya mabishano.

Anafungua mfuko wa nailoni, anatoa karatasi iliyokunjwa mara nne: hati ya kukataliwa kuingia. Ina visanduku vya sababu, A hadi I. Chake kimewekwa alama kwenye C, yaani hana viza wala kibali. Juu kuna tarehe na saa, nanakili. Alikamatwa jioni, akalala kwenye kontena kituo cha mpakani hadi asubuhi, kisha akarudi mjini kwa miguu, kilomita 8 au 9 hivi.

"Banatungojesha tu, dada."

Ana dada yake Lille, Ufaransa. Lakini alama zake za vidole zilichukuliwa Italia, na kwa kanuni ya Dublin, inayoamua nchi ipi ya Ulaya ishughulikie ombi la hifadhi, dada wa mtu mzima hatoshi kuihamishia kesi Ufaransa. Kisha akanigeuzia kibao: "Na weye, unapitaka aje?" Nikamwonyesha kibali. Akaenda moja kwa moja kwenye tarehe ya mwisho. "Ee! Na weye banakupimia."

Swali hilo limeingia kwenye daftari kabla ya majibu yake yote.

Saa 8 mchana. Kikao cha mtandaoni na kiongozi wa mradi. Anataka ramani, mimi nataka jedwali la saa. Tunazungumzia pia hukumu ya Septemba 2023, ambapo Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema Ufaransa haiwezi kumrudisha mtu aliyekamatwa kwenye mpaka wa ndani ya Schengen bila kufuata utaratibu na kinga za sheria ya Umoja huo ya kuwarejesha makwao wasio na kibali. Nashikilia kwamba swali langu liko palepale: baada ya hukumu, mtu anangojeshwa saa ngapi? Ramani imebaki.

Saa 12:30 jioni. Treni ya Monaco inawatapika watu wake. Mama mmoja anayesafisha vyumba vya hoteli ananiambia, huku akitembea upesi, kwamba polisi wakichelewesha treni dakika 10, jirani aliyemwachia mtoto hununa. Anawalaumu polisi, halafu anawalaumu wanaojificha chooni. Nimeandika vyote viwili.

Saa 3 usiku. Nasafisha maandishi, nabadilisha majina, nabandika risiti. Kahawa isiyo na risiti hailipwi. Barua pepe mbili zinangoja: ofisi ya ajira inataka kibali kipya ndipo iongeze mkataba, na ofisi ya vibali inataka mkataba mpya ndipo itoe kibali. Nimewajibu wote wawili kwa barua moja, kila mmoja aone jina la mwenzake.