Mwanafunzi wa Siri Mbele ya Pilato

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Masomo yetu ya juma hili ni Marko 15:42-47 na Yohana 19:38-42.

Yohana hakumfichia Yusufu wa Arimathaya aibu yake. Anasema wazi kwamba alikuwa mwanafunzi wa Yesu, "lakini kwa siri, kwa hofu ya Wayahudi." Marko naye anasema mtu huyohuyo "akafanya ujasiri, akaingia mbele ya Pilato." Wote wawili wanasema kweli.

Alikuwa akiogopa nini? Huyu ni tajiri, mstahiki, mjumbe wa baraza. Askari wa Kirumi hawakuwa na neno naye. Aliowaogopa ni wenzake, wale anaoketi nao barazani na kusali nao. Yohana 12:42 inatuambia wakuu wengi walimwamini Yesu ila hawakumkiri, wasije wakatengwa na sinagogi. Ukitengwa huko umepoteza marafiki, jina, pengine hata posa ya binti yako. Nadhani hofu ya wengi wetu ni ya aina hii. Wachache sana kati yetu watakuja kuelekezewa bunduki kwa ajili ya Kristo, lakini kila mmoja ana kikao chake.

Kipo kikao cha ukoo, ambako shamba la mjane linagawanywa hata arobaini haijafika. Ipo kamati ya zabuni, ambako mshindi anajulikana kabla bahasha hazijafunguliwa. Ipo bodi ya SACCOS. Ipo hata kamati ya ujenzi wa kanisa, tusijidanganye. Mkristo yumo humo. Alfajiri ameweka mstari wa Biblia kwenye status yake, na saa nne muhtasari ukimfikia anatia sahihi. Wakishatoka nje anamnong'oneza mwenzake: "Mimi sikuafiki, ila ningefanyaje?"

Sasa tazama siku ambayo Yusufu alijitokeza. Wakati Yesu akiponya wagonjwa na makutano wakimfuata, kumkiri kungekuwa na heshima yake. Siku hii Bwana amekufa, wanafunzi wamekimbia, hakuna cha kupata. Kuuomba mwili wa mtu aliyesulubiwa kwa shtaka la kujifanya mfalme ni kujitaja kuwa wa upande wake, tena mbele ya liwali aliyemhukumu. Wenzake barazani wangezipata habari kabla jua halijazama. Na kuna jambo tunalolipita upesi tukisoma: Torati (Hesabu 19:11) ilisema agusaye maiti ni najisi siku saba. Sikukuu iko mlangoni, na mzee wa baraza ananunua sanda ya kitani, anamteremsha Yesu msalabani, anamlaza katika kaburi lake mwenyewe. Hatusomi popote kwamba hofu ilimtoka kwanza ndipo akaenda. Alikwenda.

Habari hii ya kuomba mwili hunipeleka Uganda, mwaka 1977. Askofu Mkuu Janani Luwum na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua kupinga mauaji na uonevu. Tarehe 16 Februari akakamatwa, akauawa, na serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Kaburi lilichimbwa kwenye kanisa kuu la Namirembe, Kampala, lakini mwili haukutolewa; ulipelekwa kuzikwa Mucwini, kijijini kwao, kaskazini mwa nchi. Jumapili iliyofuata waumini walikwenda Namirembe hata hivyo, wakasimama kando ya kaburi lile tupu, wakaimba. Leo Uganda inamkumbuka Luwum kwa sikukuu ya kitaifa kila 16 Februari, na anastahili. Mimi huwafikiria pia wale waimbaji, walimu na wauguzi na akina mama wa sokoni, ambao kesho yake walirudi kazini katika mji uleule, chini ya serikali ileile.

Turudi kwa Yusufu, maana hakuzika peke yake. Nikodemo naye alikuja. Huyu aliwahi kujaribu: Yohana 7:50-52 inasema aliuliza swali moja tu la sheria mbele ya wakuu wenzake, wakamjibu kwa kejeli, "Je! Wewe nawe umetoka Galilaya?" Baada ya hapo hatumsikii tena hadi siku ya mazishi, anapotokea na manemane na uudi yapata ratli mia. Mzigo huo haufichiki chini ya joho. Hebu fikiri, watu wawili wa tabaka moja, katika mji mmoja, kila mmoja na siri yake moyoni, na mwenzake ana siri ileile.

Kwa hiyo juma hili, kama una kikao kinachokunyima usingizi, usingoje kifike. Mtafute mmoja unayemshuku kuwa na dhamiri kama yako. Mpigie simu, ombeni pamoja, kisha mkubaliane ni nani atakayenyoosha mkono kwanza. Mkichekwa, mmechekwa wawili.

Tuombe. Bwana Yesu, ulimpokea Yusufu ingawa alichelewa. Wako kati yetu wenye vikao juma hili. Unawajua kwa majina, na unayajua mafaili yatakayowekwa mezani. Wape neno la kusema, na mtu wa kusimama nao. Na yule mjane mwenye shamba, umlinde. Amina.