Bunduki ya dola 280 na noti ya Nyerere

Mama Zuhura ana swali lake la kila Septemba: "Baba Zuhura, hiyo bunduki umeinunua mara ngapi?" Ana haki ya kuuliza. Niliinunua kwa dola 280, darubini ikiwa juu yake, kwenye duka la vitu vilivyotumika hapa Lancaster, Pennsylvania. Nikajaza fomu 4473, ile ya serikali kwa kila anayenunua bunduki dukani, nikatoa kadi yangu ya ukaazi wa kudumu, muuzaji akafanya ukaguzi wa rekodi yangu, nikaondoka na boksi. Mwenyewe niliona nimemaliza, lakini kila mwezi kifurushi kingine kilifika mlangoni.

Basi mimi na Mama Zuhura tukakubaliana: dola 300 za kuirekebisha, pesa za zamu za ziada za usiku kule ghalani, na baada ya hapo mlango umefungwa. Nimeziandika hesabu zote nyuma ya kalenda ya jikoni ili asiseme nimeficha.

Bunduki yenyewe ni ya bolti, yaani unaikoki kwa mkono kila risasi, kaliba (upana wa risasi) .308, mtutu wa inchi 22, mwili wa plastiki nyeusi. Jina la kiwanda naliacha, kwa sababu viwanda vingi vikubwa vya Marekani vinatengeneza ya namna hii kwa ajili ya watu wa mfuko mwepesi kama mimi, na zote zinafanana tabia. Kwenye mtutu hawabani sana, maana mashine za siku hizi zinatoboa mtutu mzuri kwa gharama ndogo. Wanabana kwenye plastiki, kwenye triga na kwenye vile vyuma vidogo vya kushikia darubini. Hili ningelijua mapema ningelala usingizi.

Siku ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha niliweka karatasi yadi 100, nikaegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, nikapiga tatu. Zilitawanyika kama vifaranga waliomwona kipanga. Kutoka tundu hadi tundu inchi nne na nusu. Nikapiga tatu nyingine, hali ileile, ila sasa kipanga alitokea upande mwingine. Nilirudi nyumbani nimeshaamua kwamba mtutu umekufa, na usiku nikaanza kutafuta bei ya mtutu mpya. Bei hizo zilizidi bunduki nzima.

Aliyeniokoa ni jirani yangu, mzee Mmarekani mstaafu, aliyekereza vyuma kiwandani maisha yake yote. Namwita "Mzee". Nilipomweleza maana yake alifurahi, sasa hata mkewe anamwita hivyo. Nilimpelekea bunduki gereji kwake. Kwanza akafungua bolti na kuchungulia kama kuna risasi, ingawa nilishamwambia haina. Kisha hakuuliza mtutu wala nini, akachukua bisibisi yake ya kupimia nguvu, akafungua pete za darubini ili azifikie skrubu za chini, zile zinazoshika vibao vya darubini kwenye chuma cha bunduki. Ya kwanza ilizunguka karibu nusu mzunguko kabla ya kukaza. Ya pili vilevile. Ya tatu ilizunguka tu haikazi, uzi wake ulishaliwa. Aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa ameikaza kwa hasira.

"Umekuwa ukipiga shabaha na darubini inayocheza," akaniambia. "Hata mimi ningekosa ng'ombe."

Hapo ndipo dola 28 za kwanza zilipotoka: kibao kimoja kirefu cha chuma badala ya vile viwili vifupi, na skrubu zake mpya. Dola 6 gundi ya skrubu, ile ya buluu ambayo ukitaka kufungua baadaye inafunguka. Pete zilikuwa nzima, nikazirudishia. Tukakaza skrubu za mwili pia, mbele na nyuma, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kijitabu cha bunduki. Jumamosi iliyofuata, inchi mbili na robo. Nusu ya ugonjwa wote ulikuwa skrubu, na mimi nilikuwa natafuta mtutu.

Niseme hapa kwamba sikukulia bunduki za namna hii. Babu yangu kule Sikonge, Tabora, alikuwa na gobore. Unamimina baruti mdomoni, unashindilia kwa ufito, unaweka chuma chako, unaomba Mungu. Halikuwa na skrubu ya kulegea wala darubini. Babu alikuwa mtu wa nyuki hasa, gobore lilifuata mizinga, na kanuni yake ilikuwa moja: usipige mpaka umuone mnyama kope. Kwa mtu aliyelelewa hivyo, kukaa mezani na kupima matundu ya karatasi kwa rula ni kama kupima ugali kwa mizani. Lakini nilianza kupenda.

Baada ya skrubu, Mzee aliniambia nipitishe noti ya dola kati ya mtutu na ile plastiki ya mbele, niivute kuelekea nyuma. Noti ikipita bila kukwama, mtutu unaelea. Ikikwama, plastiki inausukuma mtutu, na mtutu ukipata moto msukumo unabadilika na risasi nayo inabadilika. Mfukoni sikuwa na noti ya dola. Nilikuwa na noti ya shilingi elfu moja, yenye sura ya Mwalimu, ambayo nimeitunza kwenye pochi tangu nipande ndege. Nikapitisha Nyerere. Alitembea vidole vinne, akagoma.

Tena nilipoibana ile plastiki kwa vidole viwili tu, iliinama mpaka ikagusa mtutu upande mmoja. Maana yake, ukiegemeza bunduki kwenye mfuko inapiga hapa, ukiegemeza kwenye gogo inapiga pale. Watu wengi wakifika hapa wananunua mwili mpya wa mbao za kubandika. Ni mzuri kwelikweli, ila bei yake ilikuwa inanimalizia karibu pesa zote. Sisi tukafanya hivi: tukachukua mishale miwili ya kaboni iliyovunjika (Mzee anawinda kwa upinde pia), tukaikata urefu wa ile sehemu ya mbele, tukailaza ndani ya vile vyumba vitupu vya plastiki, tukamimina gundi ya chuma ya kuchanganya, J-B Weld, ya dola 9. Kabla ya kumimina kwaruza plastiki kwa msasa, la sivyo gundi haishiki. Na mimina kidogo, sawia, chini ya usawa wa mtutu. Tukaiacha siku mbili. Halafu nikazungushia msasa kwenye ufito wa mbao, nikakwangua mfereji wa mtutu saa nzima huku nasikiliza mpira. Msasa dola 4. Nyerere sasa anapita mpaka kwenye chemba, pale risasi inapokaa, anatoka, anarudi. Ukiibana kwa mkono haiinami.

Karatasini haikuonyesha muujiza, inchi mbili kamili. Faida yake ni kwamba inchi mbili hizo zinabaki palepale hata nikiegemea gogo.

Kisha nikausafisha mtutu. Jambo hili lingekuwa la kwanza, na naona aibu kidogo kuliandika katikati. Dawa ya kutoa shaba dola 12. Kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi, cha pili kimetoka rangi ya mrututu, na cha tatu, cha nne, mpaka cha kumi na kitu bado mrututu. Sidhani aliyetangulia aliwahi kuusafisha.

Nilipokuwa tayari kununua darubini mpya, Mzee akanizuia tena. Darubini iliyokuja na bunduki ni ya kukuza mara 3 hadi 9, kioo cha milimita 40, ya kawaida kabisa. Akanifundisha kuijaribu. Kila mlio wa kitasa chake husogeza robo inchi kwenye yadi 100. Unapiga moja, unazungusha milio 20 kulia, unapiga. 20 chini, unapiga. 20 kushoto, unapiga. 20 juu, unapiga. Matundu yakitengeneza mraba wa inchi tano, na la mwisho likirudi kwenye la kwanza, darubini haina kosa. Yangu ilirudi. Kioo chake jioni ni hafifu, sikatai. Lakini hafifu isiyodanganya naweza kuishi nayo.

Risasi zilikula dola 87, na sijutii hata senti. Nilinunua maboksi matatu ya 20, kila moja uzito wake: greini 150, 165 na 180. Bunduki ina ulimi, kuna inachopenda na inachotema, na hakuna wa kukuambia mpaka umeionjesha. Ile ya 180, iliyokuwa ghali kuliko zote, ilitawanyika inchi mbili na robo tatu. Ya 165 inchi moja na nusu. Ya 150, ya bei ya chini ya dukani, ikakaa inchi moja na robo, mara tatu mfululizo. Nilicheka peke yangu pale uwanjani mpaka jamaa wa meza ya pili akatoa viziba masikio kuniangalia.

Mama Zuhura aliposikia kwamba ya bei ndogo ndiyo bora, alisema, "Imemfuata mwenyewe."

Triga ndiyo niliyogombana nayo zaidi, na ndiyo iliyokula pesa nyingi. Ilikuwa nzito, kama kilo tatu kwenye mizani ya springi, tena inakwaruza njiani. Unavuta, unavuta, mpaka inapofyatuka umeshafumba jicho. Mitandaoni wapo wanaokata springi au kusugua vile vyuma vinavyokamatana. Nilimwonyesha Mzee video moja. Alinyamaza, kisha akasema kama nataka kufanya hivyo, nisimwambie siku nitakayokwenda porini, ili yeye abaki nyumbani. Nikanunua triga kamili ya kuchomeka, dola 118, imeshapimwa kiwandani kwake. Kuifunga ni kazi ya pini na nusu saa. Baada ya kuifunga, bunduki tupu, tulivuta bolti, tukagonga kitako kwenye zulia la mpira mara nyingi, tukafunga na kufungua kitufe cha usalama, tukapiga bolti mbele kwa nguvu. Haikufyatuka yenyewe hata mara moja. Ingefyatuka ingekwenda kwa fundi siku hiyohiyo. Sasa ni kilo moja na robo hivi, na inakatika kama kijiti kikavu.

Kwa haki, triga haikubadilisha bunduki. Ilinibadilisha mimi. Mzee aliweza kupiga inchi moja na robo hata kwa ile ya zamani.

Dola 19 za mwisho ni mpira wa kuvalisha kitakoni, maana bega langu lilikuwa limegeuka zambarau na kazini nabeba maboksi. Shavu nalo lilikuwa haliifikii darubini vizuri, nikakata kipande cha mkeka wa mazoezi ambao Mama Zuhura alinunua Januari na kuuacha Februari, nikakifunga kwa tepu. Huo hauko kwenye hesabu. Bado hajaujua, na akisoma hapa ndipo atakapojua.

Jumla 283. Zimebaki 17, nikamnunulia Mzee kahawa na donati.

Msimu wa bunduki kwa kulungu hapa Pennsylvania hufunguliwa Jumamosi baada ya sikukuu ya Thanksgiving, tangu 2019. Kabla ya hapo ilikuwa Jumatatu, na wazee bado wanalalamika. Mwaka 2024 iliangukia Novemba 30. (Nawaita kulungu kwa kukosa neno. Kulungu wa kwetu ni mwingine, hawa ni wa mkia mweupe na pembe zao hudondoka kila mwaka.) Tulikwenda kaskazini, wilaya ya Potter, tumevaa yale marangi ya chungwa yanayowaka, kichwani na kifuani na mgongoni, inchi za mraba 250 kwa sheria. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Tuliingia msituni gizani, nikaketi chini ya mti mmoja mkubwa, risasi za greini 150, na Nyerere mfukoni.

Dume alikuja saa mbili na nusu asubuhi, taratibu, akinusa majani. Pale tulipokuwa, dume halali ni mwenye ncha tatu au zaidi upande mmoja wa pembe. Niliziangalia muda mrefu: moja, mbili, majani yakaziba, akageuza shingo, tatu. Nikasema Bismillah. Alikimbia hatua chache akalala.

Jioni nilimpigia mjomba Sikonge, kule usiku ulishakuwa mkubwa lakini alipokea.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umepata?"

"Nimepata, dume."

"Risasi ngapi?"

"Moja."

"Hatua ngapi?"

Nilizihesabu wakati namfuata. "Sabini."

Akanyamaza kidogo. Nilishamtumia picha za karatasi, matundu, mraba, mishale ndani ya gundi, vyote.

"Hatua sabini," akasema. "Sasa hiyo darubini ya nini?"

"Ya kuhesabia pembe, mjomba."