Mirathi ya ardhi Uingereza na mashamba yetu ya michikichi

Mchikichi alioupanda babu huendelea kuzaa hata wajukuu wakishakuwa watu wazima, kwa hiyo hapa Kigoma anayerithi shamba la michikichi hupokea mali iliyokusudiwa kuwafaa wengi baada yake. Hata hivyo, katika vikao vya mirathi ambavyo mimi huitwa kuandika mihtasari, hapa Ujiji na katika vijiji vya jirani, mara nyingi nakuta marehemu hakuacha neno lolote, shamba linakatwa vipande, na muda si mrefu kipande cha kwanza kinauzwa. Hali hiyo ndiyo iliyonifanya nisome jinsi familia za mabwana wa ardhi wa Uingereza zilivyoshika mashamba yale yale vizazi na vizazi.

Wosia peke yake haukuwa nguzo ya mpango wao. Sheria ya kuruhusu ardhi iachwe kwa wosia ilipitishwa mwaka 1540, wakati wa Mfalme Henry VIII, na kwa aliyekufa bila wosia ardhi kwa kawaida ilikwenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza, kanuni iliyodumu mpaka mwisho wa mwaka 1925. Lakini mtoto huyo, akishakuwa mmiliki kamili, aliweza kuuza kila kitu. Kwa sababu hiyo, katika karne ya 17, mawakili, akiwamo Orlando Bridgeman, walikamilisha mkataba ambao haukumpa mtu yeyote aliye hai umiliki kamili: baba alipewa ardhi aitumie maisha yake tu, baada yake ingekwenda kwa mwanawe, na wakawekwa wadhamini wa kulinda haki za wale ambao hawajazaliwa. Aliyeishi katika jumba la familia alipokea kodi za wapangaji na kuheshimiwa kama bwana, ila hakuwa na mamlaka ya kuiuza ardhi ile kama mali yake binafsi.

Mahakama hazikukubali ardhi ifungwe namna hiyo milele. Kutokana na shauri la Duke of Norfolk la mwaka 1682 ilijengeka kanuni kwamba ardhi isifungwe kupita maisha ya watu waliopo pamoja na miaka 21 baada yao. Kwa hiyo kila kizazi kililazimika kufunga upya, na hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo lote. Kijana alipofikisha miaka 21, yeye na baba yake kwa pamoja waliweza kukivunja kifungo cha zamani. Kijana alihitaji fedha, pengine anataka kuoa, na baba alikuwa tayari kumpa posho ya kila mwaka, kwa sharti kwamba atie saini mkataba mpya unaomfanya yeye pia awe mtumiaji wa maisha yake tu, ili ardhi iende kwa mwanawe ambaye bado hajazaliwa. Walikaa mezani wote wawili wakiwa hai, kila mmoja akijua anachokitoa na anachokipata, na hilo ndilo lililoyashika mashamba yao kuliko karatasi yoyote iliyosomwa baada ya mazishi.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Mjane aliandikiwa malipo ya kila mwaka, na mabinti pamoja na wana wadogo waliandikiwa kiasi cha fedha, mara nyingi kwa kuweka ardhi rehani, wakati ardhi yenyewe ilikwenda kwa mmoja. Siwezi kuuita mpango huo wa haki. Ninachokiheshimu ni kwamba mjane alijua fungu lake tangu siku ya ndoa.

Aliyetaka kuwatawala wazao wake kwa wosia peke yake alikuwa Peter Thellusson, mfanyabiashara tajiri aliyefariki mwaka 1797. Aliwaachia mkewe na watoto sehemu ndogo, na sehemu kubwa akaagiza irundikwe bila kuguswa mpaka wana, wajukuu na vitukuu wote waliokuwa hai wakati wa kifo chake wawe wamekufa. Familia ilipinga mahakamani ikashindwa mwaka 1805, ingawa Bunge lilikuwa limekwisha kuzuia wosia wa namna hiyo kwa sheria ya mwaka 1800. Mali ilipogawanywa, zaidi ya nusu karne baadaye, mashauri yalikuwa yameila kiasi kwamba utajiri mkubwa aliouota haukuonekana.

Tangu mwaka 1882 sheria ilimruhusu mtumiaji wa maisha kuuza ardhi, mradi fedha zishikwe na wadhamini, na tangu mwaka 1997 mikataba mipya ya aina ile ya Bridgeman haifungwi tena.

Kwetu mpango wa kumpa mmoja kila kitu haufai, wala Mwislamu hawezi kuufanya kwa wosia, kwa kuwa wosia wake hauvuki theluthi ya mali na mafungu ya warithi yamekwisha kupangwa. Anayetaka shamba lisikatwe ana njia ya wakfu, ambao huzuia mali isiuzwe wala kurithiwa huku mapato yakiwaendea waliotajwa. Wakfu ulijulikana karne nyingi kabla ya Bridgeman na mawakili wenzake. Kwa wanaofuata mila, Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963 lilimpa mwanamke ardhi ya ukoo aitumie maisha yake bila kuiuza, na mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza iliamua kwamba ubaguzi huo unapingana na Katiba.

Mzee mmoja wa ukoo wetu amekubali kuwaita wanawe na mabinti zake wote kabla ya msimu ujao wa mawese. Wataandika nani atasimamia palizi na uvunaji, mama yao atapata madebe mangapi ya mawese kila msimu, na ni akina nani watakuwa wadhamini, mmoja wao akiwa mtu asiye wa ukoo. Ambalo bado hawajakubaliana ni fungu la binti aliyeolewa Tabora, na mzee amesema hatatia saini mpaka binti huyo afike mwenyewe aseme anachokitaka.