Siku moja maishani mwangu: kupima msingi kabla haujafukiwa

Saa 12 asubuhi. Nimekunywa chai kwa ming'oko, kwenye mkoba nimetia michoro, daftari na futi kamba.

Saa 1 na nusu niko kwenye kivuko, navuka kwenda Msangamkuu. Mimi ni mkadiriaji majenzi mwandamizi, na hata safari hii inaingia kwenye hesabu zangu. Kokoto ikishavushwa ng'ambo si bei ya Mtwara mjini tena. Nikisahau gharama ya kupakia na kupakua, mkandarasi atakwama katikati na mwenye mradi atabaki na kuta bila paa.

Saa 2 na nusu, saiti, mkandarasi ananipokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmeshafukia?"

"Bado, tunakusubiri wewe."

Moyo ukatulia. Msingi ukishafukiwa, hubaki maneno matupu. Dai la mkandarasi linasema mtaro una kina cha mita 1.5. Tukashuka watatu, mimi, yeye na msimamizi wa kazi, tukapima sehemu kumi: upana mita 0.6, kina mita 1.2, urefu wote mita 86. Ni mita za ujazo 61.92, wala si 77.4.

Akabisha kwamba mchoro unasema 1.5. Ni kweli, ila mhandisi aliruhusu kina kipungue baada ya kukuta ardhi ngumu, na mkataba wetu unalipa kilichochimbwa. Tukaandika vipimo, tukasaini wote. Kisha nikaona kwenye kona amevunja mwamba na hakuudai popote. Nikauandika. Inaniuma watu wakidhani kazi yetu ni kukata pesa za wenzetu. Tunalipa kilichofanyika, hata kama aliyekifanya amekisahau.

Saa 5, nondo. Kijana ninayemfundisha alitaka kuzipima kwa macho. Nikamwonyesha: ya milimita 12 ni kilo 0.888 kwa mita, kwa hiyo nondo ya mita 12 ni kilo 10.66, na tani moja ni kama nondo 94. Akazihesabu moja moja juani.

Saa 8 mchana nimerudi ofisini kuandaa cheti cha malipo: kazi iliyofanyika, vifaa vilivyopo saiti, toa asilimia 10 ya matazamio (pesa inayoshikiliwa hadi kasoro za kazi zirekebishwe), toa malipo yaliyotangulia. Nakagua mara mbili, maana vibarua wanasubiri ujira wao Jumamosi.

Saa 11 na nusu nampigia mkandarasi. "Cheti nimeshasaini, kesho asubuhi kinafika kwa mwenye mradi."

Akanyamaza kidogo. "Na ule mwamba, mama?"

"Umo."