Adapta ya Wi-Fi iliyoonekana kama CD

Nilichomeka adapta ya Wi-Fi ya USB kwenye kompyuta yenye Debian (aina ya Linux), lakini hakuna mtandao ulioonekana. Amri ya lsblk, inayoorodhesha diski, ikaonyesha sr0, yaani CD, wakati mashine haina sehemu ya CD! Kiini ni hiki: baadhi ya adapta huanza kama CD iliyobeba draiva (programu za kuendesha kifaa) za Windows, na Linux haiioni redio (sehemu ya Wi-Fi) mpaka CD hiyo itolewe.

Niliandika:

sudo eject /dev/sr0

Namba ya kifaa kwenye lsusb (orodha ya vifaa vya USB) ikabadilika, kerneli (moyo wa Linux) ikapakia draiva iliyokuwa nayo tayari, mitandao ikajaa. Kisha nikasakinisha usb-modeswitch, ambayo hubadilisha yenyewe vifaa inavyovitambua. Mwenye CD halisi aangalie lsblk kwanza. Huenda adapta yake ni sr1.