Siku moja maishani mwangu: kea wa wazee Frongoch, Wales

Saa kumi na moja na nusu alfajiri alamu inalia, naamka. Naishi Bala, mji mdogo kaskazini mwa Wales, na kazi yangu ni kea, yani nawazungukia wazee majumbani kwao, naogesha, natoa dawa, napika chai. Leo rota yangu yote iko upande wa Frongoch na kwakweli zamu ya Frongoch naipenda kuliko zote.

Saa kumi na mbili na nusu niko barabarani, ni Aprili lakini kioo cha gari nimekikwangua barafu. Ni kama kilomita nne tu kwa barabara ya A4212, mto Tryweryn uko pembeni, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji zinapanda mpaka juu mlimani, na kondoo ndo msimu wao wa kuzaa. Frongoch yenyewe ni nyumba chache, shule ya msingi na mashamba, basi.

Saa moja namkuta bibi wa kwanza kaamka. Pembeni ya jiko kuna boksi la kadibodi na ndani kuna mwanakondoo, mama yake kazaa watatu maziwa hayatoshi, kijana wa bibi kamleta ndani apate joto. Bibi hataki kuoga mpaka huyo ashibe kwanza, basi nimepiga magoti na chupa, kadogo kananyonya huku mkia unatetemeka kila kakimeza. Bibi ana ugonjwa wa kusahau, asubuhi Kiingereza hakipo kabisa, anaongea Kiwelsh tu, kwahiyo nimejifunza maneno yote ya kazi: maji ya moto, inua mguu, meza dawa. Kea wote tunaotoka mbali ningependa tufanye hivyo, mzee anatulia ukimwogesha kwa lugha aliyolelewa nayo.

Saa tatu napita shuleni. Hapa palikuwa kambi ya wafungwa, 1916 baada ya mapinduzi ya Pasaka kule Dublin, yani uasi wa Wairishi dhidi ya utawala wa Uingereza, Waingereza walileta Wairishi kama 1,800 wakawafungia kwenye kiwanda cha wiski kilichokufa na mabanda ya jirani, Michael Collins, aliyekuja kuwa kiongozi wa kupigania uhuru wa Ireland, alikuwa humo. Wakafundishana na kujipanga mpaka kambi ikaitwa chuo kikuu cha mapinduzi. Krismasi ya mwaka huohuo walishaachiwa. Leo watoto wanacheza mpira palepale.

Saa tano niko kwa babu, na hapa huwa nakaa mpaka dakika ya mwisho. Babu kasoma shule ya Capel Celyn, kijiji cha juu zaidi bondeni ambacho leo hakipo, kiko chini ya maji. Jiji la Liverpool, kule Uingereza nje ya Wales, lilitaka maji, likaenda moja kwa moja bungeni London, 1957 sheria ikapita ingawa wabunge 35 kati ya 36 wa Wales waliikataa. Mwaka mmoja kabla wanakijiji walipanda mabasi mpaka Liverpool kuandamana, babu alikuwa mtoto, kashikwa mkono na mama yake. Haikusaidia. Reli ikafungwa, shule ikafungwa 1963, ikaenda posta, kanisa, nyumba na mashamba 12, watu 48 kati ya 67 wa bonde wakakosa makazi, na ndugu wa waliozikwa pale wakaulizwa wahamishe maiti au waziache. Wachache walihamishwa, waliobaki makaburi yalifunikwa zege. Babu akifika hapo anabadilisha mada, mi namwacha. Bwawa lilifunguliwa Oktoba 1965, sherehe ya dakika chache tu kwa fujo za waandamanaji. Liverpool waliomba radhi 2005, miaka 40! Nilimuuliza babu kama msamaha ule ulimsaidia, akasema mama yake alishakufa.

Saa nane mapumziko, chakula changu nakula kando ya Llyn Celyn, ndo jina la ziwa la hilo bwawa lililofunika kijiji. Mbele yangu mlima Arenig Fawr, mita 854, juu kileleni kuna kumbukumbu ya wanajeshi wanane wa Marekani ambao ndege yao iligonga pale Agosti 1943. Kinachoniuma zaidi ni hiki, hayo maji hayaendi Liverpool kwa bomba kutoka hapa, yanafunguliwa tu yashuke mto Tryweryn mpaka mto Dee yakachotwe mbali huko karibu na Chester, yani bonde lote limegeuzwa tangi la kuujazia mto kiangazi.

Saa kumi narudi kwa bibi, njiani napita watu wa maboti ya mpira wanapiga kelele kwenye maji ya kasi yaleyale yaliyotoka bwawani, vijana wa hapa wanapata ajira kwahiyo silaumu. Mwanakondoo kasharudi zizini. Bibi anakula supu na mkate, dawa za jioni, naandika ripoti kwenye simu, saa moja usiku niko kwangu.

Kama uko Wales na una gari, panda A4212 mpite ziwani, kuna kanisa dogo la ukumbusho upande wa juu na mawe ya makaburi yaliyohamishwa yako hapohapo. Shukeni kwenye gari myasome majina, msipige picha ya maji tu mkaondoka.