Siku babu aliyogonga muhuri Posta ya Zamani

Hii ilikuwa Dar es Salaam, mwaka 2003 hivi, mi bado niko shule ya msingi, likizo ya mwezi wa sita, babu mzaa mama akaniambia vaa viatu twende mjini tukatume barua. Barua yenyewe ya kwenda Mombasa kwa rafiki yake walioanza naye kazi ya posta kabla ya uhuru. Tukapanda daladala za Mwenge-Posta, tukashuka Posta Mpya, mi nikajua ndo tumefika maana posta si ile pale? Babu hata hakuiangalia, akashika njia ya kuteremka baharini, tukaipita sanamu ya Askari, tukatokea kanisa la Azania Front, tukaifuata Sokoine Drive mpaka Posta ya Zamani.

Jengo la enzi za Mjerumani lile, si refu, linatazamana na bandari. Babu akanisimamisha nje juani akaanza kunielezea kwamba Wajerumani walipohamisha makao makuu kutoka Bagamoyo kuja Dar mwaka 1891, barua za Ulaya zilikuwa zinakuja na meli, kwa hiyo posta lazima ikae karibu na maji, mifuko ikishushwa haina safari ndefu. Kipindi chake yeye ilikuwa Posta ya Afrika Mashariki, stempu zimeandikwa Kenya Uganda Tanzania, unainunua Dar unaibandika Kisumu na barua inakwenda bila swali, mpaka Jumuiya ilipovunjika 1977. Hapo sauti yake ilibadilika kidogo, nakumbuka vizuri.

Ndani kulikuwa na dada mmoja kaunta. Akampa babu shikamoo, akampa stempu, babu akailamba akaibandika kwenye kona, imenyooka. Halafu badala ya kuisukuma barua akaishikilia akasema, "Binti, naomba niigonge mwenyewe. Hiyo ndo ilikuwa kazi yangu."

Yule dada alimwangalia weee, nikajua anakataa. Kumbe akazunguka akafungua mlango wa pembeni, "Pita huku babu." Mpaka leo namwombea mema popote alipo.

Muhuri ulikuwa wa mpini wa mbao, umeng'aa kwa kushikwashikwa. Babu akautazama kwanza chini kama tarehe ni ya siku ile, akaugusisha kwenye wino, akaujaribu kwenye kipande cha karatasi, akatikisa kichwa, akamwambia dada wino umekauka ongeza. Dada akaongeza. Kisha pa, pa, moja wino moja barua, mkono wenyewe ambao nyumbani ulikuwa unatetemeka na kikombe cha chai, na ule mduara ukakaa nusu juu ya stempu nusu juu ya bahasha, herufi zote zinasomeka.

Hilo jengo silichukulii poa hata kidogo, na mji huu tumeshabomoa mengi mno ya zamani kupisha maghorofa, nikisikia mtu anaita Posta ya Zamani kama kituo cha daladala tu naumia.

Jibu kutoka Mombasa lilikuja baada ya wiki kadhaa. Karibu ukurasa mzima yule mzee analalamika miguu, ila chini kabisa kauliza nani aliyegonga muhuri ule, maana siku hizi wanagonga kama wanafukuzwa. Babu alimsomea huo mstari kila mgeni aliyekanyaga kwetu mwaka ule, mpaka bibi akawa anausema yeye kabla barua haijafunguliwa.